Je, wajua hewa ya chini ya kiti inaweza kuwa sanamu?

Ukitazama picha ya Ghost, kazi ya mchongaji Mwingereza Rachel Whiteread ya mwaka 1990, utadhani ni kijumba cha jasi. Angalia tena. Jiko la kuotea moto, ambalo chumbani huwa shimo, hapa limetokeza kama sanduku. Swichi ya taa imekuwa kishimo. Hicho si chumba. Ni hewa iliyokuwamo chumbani, imegandishwa.

Kosa hilohilo huifuata House, kazi yake nyingine ya mwaka 1993, iliyotokana na nyumba nzima. Ni rahisi kudhani nyumba ilimwagiwa zege kwa nje. Sivyo kabisa: zege ilipulizwa ndani, juu ya wavu wa chuma, kisha matofali yakaondolewa. Nyumba yenyewe ndiyo iliyokuwa kalibu, yaani chombo cha kutolea umbo. (Januari 1994 zege nayo ikabomolewa.)

Fikiria ugali uliogeuzwa kutoka kwenye bakuli. Umbo lake ni la ndani ya bakuli. Nje hata kukiwa na maua, ugali hauyajui. Au barafu ya mfuko: inabeba kila kunjo la nailoni, lakini anayekula nailoni hayupo. Whiteread alifanya hivyo pia kwa nafasi za chini ya viti, 100, mwaka 1995.

Kwa Torso, 1988, alijaza jasi kwenye mfuko wa mpira wa maji ya moto. Ukijaribu, pima takriban gramu 700 za maji kwa kilo 1 ya plasta ya Paris, yaani unga wa jasi. Nyunyiza plasta kwenye maji. Ukimwaga maji kwenye plasta utapata madonge. Iache dakika moja au mbili inywe maji, kisha koroga taratibu, maana kila povu litaacha tundu. Usiigandishie mkono ndani: inapata joto la kuunguza. Tena hutanuka kidogo, kwa hiyo chombo chenye tumbo pana na shingo nyembamba hakivuliwi, huchanwa.

Kwa nini Torso humkumbusha mtu kiwiliwili cha mtoto? Labda kwa sababu mfuko ule hukumbatiwa kitandani. Labda ni jina tu. Ghost, yaani mzuka, nalo linakuelekeza cha kuhisi kabla hujatazama. Lililo wazi zaidi kwenye Ghost ni masizi ya jiko: jasi mbichi huyang'oa ukutani na kubaki nayo. Ndiyo maana vaselini ya kuzuia kunata hupakwa nyembamba sana. Ikizidi, sanamu hutoka safi, na mwenye chumba hayumo tena.