Nani kawaambia betri ya lithiamu imalizwe mpaka izime?

Kazi yangu ni kemia, natafiti unga unaoingia ndani ya betri na ule unaopakwa kwenye taa za LED, kwa hiyo kila mwenye simu inayokata chaji mapema ananiletea mimi. Sawa, sikatai. Ila kuna sentensi moja nikiisikia tena nitapiga kelele: "mimi betri yangu naitunza, siichaji mpaka izime kabisa." Jamani. Hapo unaimaliza!

Ushauri huo ulikuwa na maana enzi za nikeli-kadimiamu, zile za simu za mwanzo zenye antena. Zile ukizichaji nusu nusu kila siku zilikuwa zinashusha volti mapema kama vile zimeisha, na kuzimaliza zote kulikuwa kunazirudisha. Betri zenyewe zilishaondoka kwenye simu kitambo, ushauri umebaki, mjomba anampa mpwa, na muuza simu naye anaongezea eti simu mpya ichajiwe masaa nane kwanza ndio uiwashe. Lithiamu, iliyomo kwenye simu za sasa, haina huo mchezo kabisa.

Ndani yake ni ioni, chembe ndogo za lithiamu zenye chaji, zinahama tu, ukitumia zinatoka kwenye grafaiti zinaenda kujipanga kati ya tabaka za oksidi ya kobalti, ukichaji zinarudi. Hiyo oksidi ni kazi ya mwanasayansi John Goodenough na wenzake pale chuo kikuu cha Oxford mwaka 1980, Sony wakaingiza betri sokoni 1991, yaani miaka 11 toka maabara mpaka dukani, na nyie mnaoniuliza utafiti wangu unatoka lini mnisamehe. Sasa kinachoiumiza ni kuishi kileleni au chini kabisa. Ikikaa imejaa muda mrefu, tena kwenye joto, volti iko kwenye 4.2 huko na elektrolaiti, yaani kile kimiminika ambamo ioni zinapita, inaharibika polepole, gesi inatoka, ndio unaona betri imevimba. Ikishuka mno, ile karatasi ya shaba ya upande wa hasi inaanza kuyeyuka, ukija kuchaji shaba inajijenga pasipotakiwa na inaweza kupiga shoti. Kweli simu inajizima kabla ya kufika huko, kuna sakiti inailinda, lakini we uimalize halafu uisahau kabatini miezi, inaendelea kushuka yenyewe humo humo.

Kwa hiyo ikifika asilimia 20 chomeka, ikifika 80 ukiweza chomoa, kuchaji mara nne kwa siku hakuna shida yoyote, na kama unaiweka tu iache nusu. Asilimia zikianza kudanganya unaweza kuimaliza na kuijaza mara moja ili kipimo kijipange upya, ila ujue umerekebisha kipimo, betri haijapona chochote. Wenye lithiamu ya chuma na fosfeti kwenye sola, nyie jazeni mpaka juu mara moja moja, maana volti yake haibadiliki sana katikati na mfumo unapoteza hesabu ya chaji iliyobaki. Na betri za maji ndio msithubutu kabisa kuzikausha! Salfeti inaganda kwenye sahani za risasi, ikikaa hivyo siku kadhaa haitoki tena. Tumia nusu, ijaze siku hiyo hiyo, basi.

Mengine haraka haraka. Betri za redio kuanikwa juani: jua haliingizi chaji humo, joto linaharakisha tu kemia iliyobaki, unapata taarifa ya habari moja halafu kimya, na ikivuja inakulia redio.

Eti jua likiwa kali sana paneli inazalisha zaidi. Mwanga ndio inautaka, joto haitaki. Paneli ya silikoni inapimwa kwenye nyuzi 25, kila nyuzi inayoongezeka inapoteza kama asilimia 0.3 mpaka 0.5, na saa saba mchana juu ya bati inavuka 60 bila shida. Mwambie fundi aache nafasi upepo upite chini, wengi wanailaza kwenye bati kabisa, sijui wanawahi wapi.

Halafu kuna hii ya taa. Mtu anaifungua LED anakuta vidoti vya njano anasema imeungua, kauziwa feki. Vidoti hivyo ndio vinatengeneza mwanga mweupe! Chipu iliyo chini inatoa bluu, ule unga wa njano unachukua sehemu ya bluu na kuitoa njano, vikichanganyika jicho linaona nyeupe. Ikiungua kweli utaona doti nyeusi katikati.