Gesi Inayotoka kwenye Galaksi: Dhana Potofu na Ukweli

Jioni moja Bagamoyo, karibu na soko la samaki, supu ya pweza ilifurika kwenye jiko la gesi. Mwali wa buluu ukageuka njano. Mama muuzaji alipangusa akaendelea kuhudumia wateja, mimi nikabaki naikodolea macho ile njano. Ni sodiamu ya chumvi, mawimbi yenye urefu wa nanometa 589 (nanometa ni sehemu moja ya bilioni ya mita), na ndiyo inayotusaidia kuitambua gesi inayotimuka kutoka galaksi za mbali.

Dhana: Gesi isiyong'aa haichunguziki.

Hii nakutana nayo kila mara, na inaniuma, kwa sababu inaficha uhondo wenyewe. Sodiamu ikiunguzwa hutoa njano. Ikiwa baridi mbele ya nuru, huimeza njano ileile. Nuru ya nyota za galaksi hupenya gesi iliyo upande wetu, darubini ikaichambua kama upinde wa mvua, na penye njano hiyo pakatokea mstari mweusi. Mistari ya namna hii mwanafizikia Mjerumani Fraunhofer aliikuta kwenye nuru ya Jua mwaka 1814. Gesi ikija kwetu, mstari wake husogea upande wa buluu kuliko mistari ya nyota za galaksi hiyohiyo. Nanometa moja tu ya kusogea ni mwendo wa kilomita 500 hivi kwa sekunde!

Dhana: Galaksi zinatukimbia, basi gesi yake haiwezi kuja upande wetu.

Fikiria jahazi linaloelekea Unguja, na baharia anatembea kutoka omo kwenda tezi. Jahazi linamtenga na Bagamoyo, lakini miguu yake inaelekea Bagamoyo. Sisi tunapima hatua zake ndani ya jahazi.

Dhana: Ni mashimo meusi tu yanayoipuliza gesi nje ya galaksi.

La. Galaksi M82, umbali wa miaka-nuru milioni 12 hivi, hutimua gesi kwa nguvu ya nyota zinazozaliwa kwa wingi na kulipuka.

Dhana: Ikishatoka, imepotea.

Nyingine hurudi. Kuitafuta pembezoni, wataalamu hutumia nuru ya kwasa, yaani kiini king'aacho mno cha galaksi nyingine, iliyo nyuma kabisa ya galaksi. Ila mstari wa kwasa peke yake hausemi kama gesi iko mbele ya galaksi au nyuma yake, hivyo kutoka na kurudi hufanana. Nuru ya galaksi yenyewe haina utata huo: gesi iliyoimeza lazima iwe upande wetu.