Fedha haitoki kwenye mwarobaini
Kuna watu wanasema eti nanopatikali za fedha (yaani chembechembe ndogo mno za ile metali ya silva, sio pesa) zilizotengenezwa kwa majani ya mwarobaini ni mitishamba tu, kwahiyo ukinywa hamna shida. Hapana jamani, fedha yenyewe inatoka kwenye silva naitreti, kemikali ya maabara kabisa, majani kazi yake ni kuigeuza iwe chembechembe za metali na kuzizuia zisishikane, ndo maana ule mchanganyiko unaanza njano njano halafu unakuwa kahawia. Fangasi kama Candida albicans wanakufa kweli, utando wa seli unaharibika, ila hiyo ni kwenye kisahani cha maabara, tumbo lako ni habari nyingine. Wanaokunywa maji yenye chembechembe za fedha muda mrefu ngozi inaweza kugeuka kijivu-bluu, na huwa hairudi.