Kuuza nakala ya programu huria si wizi

Ujumbe huu haukomi kwenye magrupu ya Tanga: “Programu huria ni ya bure. Fundi akikutoza hata mia kwa nakala, amevunja leseni.” Si kweli: programu huria ni ile ambayo leseni yake inakuruhusu kuitumia, kuibadili na kuigawa, si lazima iwe ya bure. Ujumbe huo unawaumiza mafundi wa Ngamiani wanaompelekea programu kwa flashi mteja asiye na bando.

Chukua GPL, leseni ya programu huria inayotumiwa na programu kama GIMP, ya kuhariri picha. Toleo la 3, la mwaka 2007, kifungu cha 4, linaruhusu kutoza bei yoyote kwa kila nakala au kutotoza kabisa, na pia kulipisha msaada na dhamana. Kinachokatazwa ni kingine: kumzuia mnunuzi asinakili na kuwagawia wenzake, au kumnyima msimbo chanzo wa programu, yaani maandishi ambayo waundaji waliiandikia. Fundi akikuuzia kisha akakwambia “usimpe mtu”, hapo ndipo pa kumbana.

Kuhakiki ni rahisi. Tafuta faili la leseni linalokuja na programu, aghalabu huitwa COPYING, ukasome kifungu hicho mwenyewe. Leseni ziko nyingi, kwa hiyo soma ya programu uliyonayo.

Mkanganyiko umetoka kwenye Kiingereza, ambako neno moja, “free”, hubeba maana ya “bure” na ya “huru”. Sisi tunayo mawili, tena yaliyo wazi kabisa! Uhuru unaozungumzwa ni wa kutumia, kuchunguza, kubadili na kugawa.

Ujumbe huo ukikufikia, tafadhali usiusambaze. Mtumie aliyekuletea kifungu chenyewe.