Kabla ya Kuulaumu Uchumi wa Ulaya

Kila inapotangazwa kwamba uchumi wa nchi kubwa umedorora, hapa Malindi husikika kauli ileile, kuanzia kwa madereva wa tuktuk hadi kwa waheshimiwa katika mikutano ya wadau: dunia ikifilisika, Mzungu hasafiri. Juma hili nimeisikia tena, safari hii ikisindikizwa na pendekezo kwamba hoteli zote zishushe bei kwa nusu kabla ya Desemba. Kwa kuwa kazi yangu ni kupanga bei na nafasi za vyumba, nimeona heri niyaandike haya mahali pamoja badala ya kuendelea kubishana barazani.

Mwaka unaopendwa kutajwa ni 2008. Benki ya Marekani ya Lehman Brothers ilianguka Septemba mwaka huo, msukosuko wa fedha duniani ukapamba moto, na katika mwaka mzima wa 2009, ambao ulikuwa mgumu mno kwa uchumi wa dunia, idadi ya watalii wa kimataifa ilipungua kwa takribani asilimia 4. Kufikia 2010 pengo lilikuwa limekwisha kuzibwa. Afrika ndilo eneo pekee lililopata ongezeko mwaka 2009. Kenya nayo ilikuwa imeshuka kutoka wageni wapatao milioni 1.8 mwaka 2007 hadi karibu milioni 1.2 mwaka 2008, lakini hasara hiyo ililetwa na ghasia za baada ya uchaguzi, miezi mingi kabla ya Lehman. Dunia ilipokuwa katikati ya msukosuko, wageni wetu walikuwa wanarudi. Anayedai kwamba msukosuko ule ndio uliotumaliza analaumu moshi wa jirani ilhali moto uliwaka jikoni kwake. Na asinitajie 2020: mwaka ule watalii duniani walipungua kwa zaidi ya asilimia 70 kwa sababu mipaka ilifungwa, hata mwenye pesa hakuwa na pa kwenda.

Sisemi kwamba hakuna athari. Safari za mikutano na za kikazi hukatwa mwanzo, za kutembelea jamaa hukatwa mwisho, na katikati yupo mtalii wa mapumziko, ambaye huishikilia likizo yake kwa ukaidi wa ajabu lakini huipunguza kila upande: huenda karibu na kwao, huamua dakika za mwisho, na aliyezoea kukaa majuma mawili hukaa moja. Hapo ndipo ninapokasirishwa na watu wanaohesabu vichwa. Wageni wawili wa juma mojamoja wanajaza vyumba sawasawa na mgeni mmoja wa majuma mawili, lakini katika takwimu za kuingia nchini wao ni wawili, na mkubwa fulani atasimama atangaze kwamba utalii umekua. Mwaka 2009 mapato ya utalii duniani yalishuka kwa karibu asilimia 6, yaani zaidi ya vichwa vilivyopungua, na hata tarakimu hiyo haikuambii ni mfuko wa nani uliotoboka.

Wakati wa dhiki mgeni hupenda kifurushi kilichokwisha kulipiwa kwao, chenye chakula na vinywaji vyote. Anafika na kuvishwa bangili ya plastiki mkononi, na tangu hapo kila soda anayokunywa nje ya lango ni hasara kwake. Basi hoteli itasema kwa haki kwamba imejaa, huku mchonga vinyago na mwenye mashua yenye sakafu ya kioo anayepeleka watu kwenye hifadhi ya bahari wakiapa, kwa haki vilevile, kwamba hakuna wageni. Nimewashuhudia wakigombana juu ya jambo hilo, na hakuna aliyekuwa mwongo.

Jambo la pili, ambalo wapendekezaji wa nusu bei hawalitii akilini, ni ndege. Waitaliano wengi wa msimu hufika Mombasa kwa ndege za kukodi, kisha huletwa huku kwa barabara. Chukua ndege ya viti 250 ambayo hailipi mpaka viti 210 vijae. Wanunuzi wakipungua kutoka 230 hadi 200, wakala wa safari hapunguzi viti thelathini. Anaifuta ndege nzima, na wale 200 waliokuwa tayari kuja wanapelekwa Misri au wanabaki kwao. Upungufu mdogo wa wanunuzi huko Milano unakuwa chumba tupu juu ya chumba tupu huku Casuarina, ufukweni Malindi. Mimi nikishusha bei ya kitanda, siwezi kuirudisha ndege iliyokwisha kufutwa, wala sipunguzi nauli, ambayo kwa safari ndefu ni sehemu kubwa ya gharama yote.

Hata hivyo, lipo fundo ambalo sijaweza kulifungua. Mwishoni mwa 2011 Serikali ya waziri mkuu wa Italia, Mario Monti, iliweka kodi ya asilimia 0.76 kwa nyumba ambazo Waitaliano wanamiliki nje ya nchi yao, pigo la moja kwa moja kwa wenye majumba ya Malindi na Watamu, na uchumi wa Italia ukasinyaa 2012 na 2013. Lakini Septemba na Oktoba 2011 wageni walitekwa nyara Kiwayu na Manda, huko Lamu, jeshi letu likaingia Somalia, na tahadhari za usafiri zikafuata. Vitabu vinakokotoa athari ya kipato, yaani jinsi safari zinavyopungua kipato kikishuka, kana kwamba mambo hujitokeza moja moja kwa zamu. Nikiangalia daftari la miaka ile siwezi kutenga kilichofanywa na kodi na kilichofanywa na hofu, na mshauri anayeniletea asilimia kamili simwamini.

Kwa hiyo Desemba hii nitawauliza mawakala ni ndege ngapi zimethibitishwa kabla sijagusa bei yoyote. Punguzo nitalitoa kwa wa Nairobi, ambaye anakuja kwa gari lake au kwa treni ya SGR hadi Mombasa na anayejali kweli bei ya chumba, ingawa ataomba pia watoto wanne walale bure.