Bwawa juu ya paa: maneno ya mtaani na ukweli wenyewe

Ile picha ya Singapore imezunguka kwenye simu mpaka kila mtu anaijua: mtu kaegemea ukingo wa bwawa, maji yanaishia hewani, maghorofa yote yako chini yake. Tangu Serikali ihamie Dodoma hoteli zimekuwa zikiota, na anayejenga ghorofa tatu tu hakosi rafiki wa kumuuliza kwa nini asiweke bwawa juu, wageni waogelee huku wakitazama vilima vya mawe. Kuuliza si kosa. Tatizo ni majibu anayopewa.

Tuanze na picha yenyewe. Wengi wanaamini ukiteleza pale ukingoni unatua barabarani. Bwawa hilo ni la hoteli ya Marina Bay Sands, iliyofunguliwa mwaka 2010. Liko ghorofa ya 57, karibu mita 200 kutoka ardhini, na urefu wake ni takribani mita 150. Ukuta wa upande wa mandhari umejengwa chini kidogo ya usawa wa maji, kwa hiyo maji yanaupita na kumwagikia kwenye mfereji mpana uliofichwa ng'ambo yake. Kutoka hapo yanaingia kwenye tangi, pampu inayasukuma kupitia kichujio, yanarudi bwawani. Mfereji hauonekani kwa sababu mpiga picha kaishusha simu hadi karibu na maji. Angesimama na kuchungulia, angeuona.

Na hapana, hulipi kiingilio ukaogelea pale. Bwawa ni la waliolala hotelini. Lile "la kioo" la London nalo, linaloning'inia kati ya majengo mawili tangu 2021, si la kioo wala si la hoteli. Ni plastiki nene ya akriliki, na wenye nalo ni wakazi wa nyumba zile.

Sasa tuje kwenye dhana inayoweza kumgharimu mtu jengo zima: "Paa la zege linabeba chochote, mbona simtanki tunapandisha?" Utasikia fundi anamwambia mwenye nyumba, "Bosi, slabu hii inabeba hata lori." Tupige hesabu. Mita moja ya ujazo ya maji ina uzito wa tani moja. Bwawa la kina cha mita 1.2 linakandamiza kila mita ya mraba kwa kilo 1,200, kabla hujahesabu kuta zake na vigae. Sakafu ya chumba cha kulala kwa kawaida husanifiwa kubeba watu na samani za kama kilo 200 kwa mita ya mraba. Hiyo ni mara sita. Bwawa dogo tu la mita 10 kwa 5 ni tani 60 za maji, na simtanki la lita 5,000 ni tani tano, tena likiwekwa vizuri linakaa juu ya nguzo, si katikati ya slabu.

Ndiyo maana bwawa la Singapore, pamoja na sifa zake zote, lina kina cha mita 1.2 tu. Anayetaka kupiga mbizi atafute bwawa la chini. Ndiyo maana pia uamuzi wa bwawa la juu hufanyika kabla msingi haujachimbwa: mhandisi wa miundo ndiye anayepanga unene wa nguzo, nondo na msingi wa kubeba mzigo huo. Kwa jengo lililokwisha simama, mtu aliyekwambia "tutaongeza nondo kidogo" bila kukagua nguzo mpaka chini, mshukuru, mlipe nauli, aende zake.

Kuna wanaosema maji juu yanatuliza jengo lisitikisike. Sisi tunaoishi jirani na Bonde la Ufa, ambako ardhi hutikisika mara kwa mara, tusilichukulie juu juu. Yapo majengo marefu yenye tangi maalumu la maji la kupunguza mtikisiko wa upepo, kama Comcast Center ya Philadelphia, Marekani, lakini tangi hilo lilipimwa ili maji yake yacheze kinyume na mwendo wa jengo. Bwawa la wageni halikupimwa hivyo. Tarehe 28 Machi 2025, tetemeko lililoanzia Myanmar, karibu kilomita 1,000 kutoka Bangkok, lilitikisa maji ya mabwawa ya juu jijini humo mpaka yakamwagika kama maporomoko kwenye kuta za maghorofa.

"Dodoma kuna jua, maji yatakuwa vuguvugu mwaka mzima." Aliyesema hivyo hajaoga maji ya bomba alfajiri ya Julai. Mji uko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, usiku wa kipupwe ni wa baridi, na juu ya paa upepo mkavu unapitia maji bila kizuizi. Maji yanapogeuka mvuke huondoka na joto. Huondoka na fedha pia. Bwawa letu la mita 10 kwa 5 likipungua milimita sita kwa siku, zimekwenda lita 300, yaani ndoo 15, na kuanzia Mei hadi Oktoba karibu hakuna mvua ya kuzirudisha. Vumbi nalo linaziba kichujio, na kukisafisha ni maji mengine. Hata hivyo, wanaolalamika kwamba bwawa hubadilishwa maji kila wiki wamekosea. Likitunzwa, maji yaleyale huchujwa na kutumika kwa muda mrefu. Turubai la kufunika usiku ndiyo dawa rahisi kuliko zote, na sijui kwa nini wengi hulisahau.

Harufu kali ya klorini, dawa ya kuua vijidudu bwawani, si dalili ya usafi. Hutokea klorini inapokutana na jasho na mkojo. Ukiisikia hadi juu ya paa lenye upepo, uliza maji yalipimwa lini.

Masika yakianza, bwawa la juu lina hatari yake: radi. Ngurumo ikisikika watu watoke majini na washuke ndani ya jengo, wasijibanze chini ya miavuli hapo hapo juu, na wasirudi mpaka zipite dakika 30 tangu ngurumo ya mwisho.