Pweza mmoja, pweza wawili: wingi wa maneno ya Kilatini ndani ya Kiingereza

Ripoti za Kiingereza zinazoandikwa Lamu hazikosi pweza. Huandikwa na vikundi vya usimamizi wa fuo, na wanafunzi wa elimu ya bahari, na waongozaji watalii wanaotayarisha vipeperushi vya safari za Shela na Manda. Pweza akizidi mmoja, kalamu husita: “octopuses” au “octopi”? Wengi huchagua “octopi” kwa kuwa inasikika ya kisomi. Yenye msingi ni “octopuses”. Asili ya neno ni Kigiriki, maana yake mwenye miguu minane, na Wagiriki wenyewe kwa wingi walisema “oktopodes”. Kiishio “-i” ni cha Kilatini, tena cha kundi moja tu la nomino za Kilatini, na pweza hakuwamo katika kundi hilo. Kamusi nyingi zimeiweka “octopi” kwa sababu watu wanaitumia, lakini anayeandika ripoti ya kitaalamu afadhali aiache.

Makosa mengi hutokana na jambo hilohilo. Mtu hujifunza kwamba “fungus” wingi wake ni “fungi”, kisha akalivika vazi hilo kila neno linaloishia “-us”. Kilatini kina makundi matano ya nomino, mfano wa ngeli zetu, na maneno yanayofanana mwisho yanaweza kuwa ya makundi tofauti. Sisi twalijua hili tangu utotoni: “mtu” na “mti” huanza sawa, lakini wingi wa moja ni watu na wa pili ni miti. Tofauti ni kwamba sisi twabadilisha mwanzo wa neno, wao hubadilisha mwisho.

Kwa hiyo “-us” iulizwe asili yake kabla ya kuguswa. Kuna zile zinazokwenda “-i” bila shida: “fungi”, “nuclei”, “stimuli”, “radii”, “alumni”. Kuna zinazogeuka kabisa, kama “corpus” kuwa “corpora” na “genus” kuwa “genera”. Kuna kundi la “status”, “apparatus”, “census” na “prospectus”, ambazo kwa Kilatini wingi wake ulibaki “-us”, ila irabu ilivutwa. Kiingereza hakina njia ya kuivuta, kwa hiyo huongeza “-es”. Kenya ilihesabu watu mwaka 2009 na tena 2019: hizo ni “two censuses”, na “censi” haijapata kuwa wingi wa neno hilo katika lugha yoyote kati ya hizo mbili. “Virus” ni “viruses” tu. Kwa Warumi lilikuwa jina la kitu kisichohesabika, sumu au utomvu, na hakuna wingi wake unaojulikana katika maandishi yao ya kale. Anayeandika “viri” amejitungia mwenyewe.

Tena kuna maneno ambayo hata nomino hayakuwa. “Omnibus”, mama wa neno basi, maana yake ni “kwa wote”. “Ignoramus” ni kitenzi kizima: “hatujui”. “Quorum”, yaani ile akidi ya mkutano, maana yake ni “ambao miongoni mwao”. Maneno haya hayana wingi wa Kilatini wa kuazimwa. Huandikwa “omnibuses”, “ignoramuses”, “quorums”.

Tusimame kidogo kwenye “genus” na “species”, kwa maana hapa Lamu ndipo yalipo zaidi ya nusu ya mikoko ya Kenya, na maneno haya mawili hayakosekani katika maandishi ya misitu hiyo. “Species” ni la kundi la tano la Kilatini, ambalo umoja na wingi wake ni sawa: “one species”, “nine species”. Ukiondoa “s” ya mwisho umeandika neno jingine kabisa, kwani “specie” kwa Kiingereza ni fedha za sarafu. “Genus”, yaani jenasi, ni jina la kundi la juu yake, wingi “genera”. Miti ya mikoko ya Kenya huhesabiwa kuwa aina tisa. Mkoko wenyewe ni Rhizophora, mchu ni Avicennia, mlilana ni Sonneratia, mkandaa ni Ceriops, muia ni Bruguiera, na kila mmoja una jenasi yake, vivyo hivyo miwili mingine isiyotajwa hapa. Lakini Xylocarpus, jenasi ya mkomafi, ina aina mbili. Ndiyo maana sentensi sahihi ni “nine species in eight genera”. Aliyeandika “nine genus” amekosea sarufi na hesabu pamoja.

Zinazoishia “-a” na “-um” ni nyepesi zaidi. “Larva” ni “larvae”, “alga” ni “algae”, “vertebra” ni “vertebrae”. “Bacterium” ni “bacteria”, “ovum” ni “ova”, “stratum” ni “strata”, “erratum” ni “errata”. Msomaji wa hotuba aangalie matamshi: “-ae” kwa Kiingereza husikika kama “ii”, na “-i” kama “ai”. Wanawake waliosoma shule ya wasichana ni “alumnae”, wanaume au mchanganyiko ni “alumni”. Mmoja ni “alumnus” akiwa mwanamume, “alumna” akiwa mwanamke. Kwenye wasifu wa kazi mtu hujiita “an alumni”. Hapo amejifanya umati.

Lakini si kila “-um” huwa “-a”. Neno likishazoeleka mitaani huchukua “s” ya wenyeji: “albums”, “forums”, “stadiums”, “museums”. Ushahidi uko kwenye vibao vya makumbusho, Lamu na Malindi, kwani taasisi inayoyasimamia kwa Kiingereza huitwa National Museums of Kenya. “Musea” haihitajiki. Kura za maamuzi za 2005 na 2010 vilevile ziitwe “referendums”. “Referenda” imo kamusini, ila kwa maana yake ya Kilatini inaelekea zaidi kwenye mambo yanayopelekwa kwa wananchi kuliko kwenye kura zenyewe.

Sasa tuje kwenye kosa ambalo ni letu hasa, kwa sababu linatoka ndani ya Kiswahili. Sisi hupokea neno geni kwa sauti yake, kisha tukaliingiza kwenye ngeli zetu. “Malaika” kwa Kiarabu ni wingi, na mmoja wao ni “malak”, lakini kwetu malaika ni mmoja na ni wengi. “Ulamaa” nayo ni wingi tayari, na bado tumeiongeza tukapata maulamaa, wala hakuna aliyekosea, maana neno limeshakuwa letu. “Virusi” tulipoisikia ikianza na “vi-”, tukaipatia umoja wake: kirusi. Bakteria, data na ajenda zimetufikia zikiwa katika umbo la wingi wa Kilatini, tukazichukua kama mashina yasiyobadilika. Bakteria mmoja, bakteria elfu.

Tatizo huja tunaporudi upande wa pili. Aliyezoea “bakteria mmoja” huandika “a bacteria was found”, na aliyezoea “virusi vingi” huandika “many virus”. Kwa Kiingereza ni “a bacterium was found” na “many viruses”. Ndugu zao wa Kigiriki wanasumbua vivyo hivyo: kigezo kimoja ni “criterion”, viwili ni “criteria”, na jambo moja la kimaumbile ni “phenomenon”, mengi ni “phenomena”. “This criteria is” ni kosa popote linapoonekana, na katika barua ya kuomba ufadhili huonekana upesi. Njia ya kujipima ni kutanguliza “one” mbele ya neno. Likikataa kukaa na “one”, kitenzi chake kiwe cha wingi. “Agenda” pekee imehama moja kwa moja. Kwa Warumi ilikuwa “mambo ya kutendwa”, leo ni orodha moja, na wingi wake ni “agendas”. “Data” iko njiani. Majarida ya sayansi mengi bado huandika “data are”, magazeti huandika “data is”, na vyote vinakubalika mradi mwandishi asichanganye.

Mengine yana wingi mbili zenye maana mbili, na hapa ndipo penye raha ya somo hili. Vipapasio virefu vya kambakoche ni “antennae”. Vyombo vya kituo cha anga cha Luigi Broglio, Ngomeni, kaskazini mwa Malindi, vinavyopokea mawimbi ya setilaiti, ni “antennas”. Vyombo vya habari ni “media”, ilhali “mediums” ni watu wanaodai kuzungumza na roho za wafu. Watu wenye vipaji vya ajabu ni “geniuses”, lakini “genii” ni majini. Faharasa za vitabu ni “indexes”, vipimo vya bei na uchumi ni “indices”. Viambatisho vya ripoti ni “appendices”.

Tuseme una sentensi hii mbele yako: “The octopi hid among the algaes, one larvae was seen, and only one specie was recorded.” Ina makosa manne. “Octopi” iwe “octopuses”. “Algaes” imebeba wingi mara mbili, wa Kilatini na wa Kiingereza, kwa hiyo ondoa “s”. “Larvae” imetanguliwa na “one”, basi irudi kuwa “larva”. “Specie” irudishiwe “s” yake. Vitenzi havikuwa na kosa. Isomeke: “The octopuses hid among the algae, one larva was seen, and only one species was recorded.”

Neno likikutatiza, fungua kamusi kubwa ya Kiingereza na usome mstari wa kwanza wa ingizo, kwani wingi usio wa kawaida huandikwa papo hapo. Zikitajwa mbili, ya kwanza kwa kawaida ndiyo inayotumika zaidi. Kabla ya kupeleka kazi kuchapishwa, tafuta neno hilo katika waraka mzima kwa kompyuta, ili “curricula” ya ukurasa wa 2 isije ikawa “curriculums” ukurasa wa 9.